Maharagwe ya Mahiwa

Meza yetu ya kulia hapa Kiamunyi iligeuka Mahiwa tangu Jumamosi asubuhi. Binti yangu alikunja blanketi likawa kigongo, akatandika leso ya kijani juu yake, kisha akawapanga askari wa udongo aliowafinyanga mwenyewe na kuwaanika juu ya tangi la maji. Mmoja alisimama badala ya watu 50. Yeye alikuwa na 30 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Mjomba wake, aliyekuja kutoka Gilgil, alikuwa na 100 wa Waingereza. Nyuma ya kila kikosi tuliweka maharagwe ya nyayo: hao ndio wapagazi. Mimi nilikuwa mwamuzi, na sheria niliyoishikilia ni kwamba kikosi kisicho na maharagwe hakipigi risasi zamu inayofuata.

Vita vyenyewe vilipiganwa karibu na Lindi, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Waingereza walikuwa takribani 5,000, wakiwemo wanajeshi kutoka Nigeria, na zaidi ya 2,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Lettow-Vorbeck alipoteza takribani 500 kati ya 1,500. Kwa hesabu hiyo yeye ndiye mshindi. Lakini hakuwa na watu wa kuziba mapengo yale wala risasi za kutosha, na kabla Novemba haijaisha alikuwa ameshavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Kwa hiyo nilijua jioni itakuwa na ubishi. Bao halina taabu hii. Wale waliochonga mashimo yake kwenye mwamba wa Hyrax Hill, ng'ambo ya mji kutoka kwetu, walituachia mchezo ambao safu yako ya mbele ikibaki tupu, umefungwa, basi. Saa kumi na moja binti alikuwa ameua 47 na kupoteza 13, ila mjomba wake ndiye aliyekalia kigongo.

“Mjomba, umemaliza watu wako kwa ajili ya blanketi!”

“Na wewe kesho utapigana na nani? Hesabu uliobaki nao.”

Nikawaambia watoke nje wapunge upepo, tukirudi tutahesabu maharagwe. Atakayekuwa na wapagazi wa kumfikisha siku ya pili ndiye nitakayempa ushindi.

Tuliporudi, askari walikuwa wamesimama vilevile. Nyuma yao leso ilikuwa tupu. Jikoni sufuria ilikuwa inatokota, povu jekundu limepanda hadi kwenye mfuniko.

“Mahindi yako jikoni tangu saa tisa,” mke wangu alisema. “Nikakuta maharagwe niliyoyachambua jana yamezagaa mezani. Nilidhani mmemaliza.”

Shemeji yangu akamtuliza. “Usijali, dada. Mpagazi hana pointi.”

Neno lile lilinichoma. Baba yake nyanya yangu alichukuliwa katika msako mkubwa wa 1917, ule uliosimamiwa na John Ainsworth, akapelekwa Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi, na hakurudi. Nyanya alikua bila kuonyeshwa kaburi. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Nilimweleza shemeji hayo nikiwa nimesimama pale mlangoni mwa jikoni, na sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Aliweka kofia yake mezani, akasema, “Samahani, shemeji. Sikujua ni mtu wenu.”

Binti alikuwa ameshafungua daftari. Mstari wa kwanza, waliokufa. Wa pili, kigongo. Wa tatu aliandika “wapagazi”, akaacha penseli hapo. Nikamwambia mstari huo usipojazwa sitatangaza mshindi, hata kama ni usiku kucha. Mjomba wake akawasha tochi ya simu, akaingia chini ya meza kutafuta yaliyoanguka. Alitoka na harage moja, limepasuka ganda upande mmoja.

“Ni la jeshi gani?” aliuliza.

Binti alilipokea kiganjani, akaligeuza chini ya taa. Asubuhi alikuwa ameyamimina ya pande zote mbili kutoka kikombe kimoja.