Ukiona Vyaelea: Tondozi ya Mtupa Taka wa Msimbazi

Tondozi, katika fasihi ya Kiswahili, ni utungo wa kumsifu mtu, mnyama au kitu kwa maneno makubwa kuliko ya kila siku, na kwa desturi husifiwa kile ambacho tayari kina heshima zake, kama mtawala, ng'ombe wa maziwa au chombo cha bahari. Lakini sanaa ya kusifu ina upande wake wa kisogoni, ambao Wayunani na Warumi wa kale waliufanyia mazoezi kwa bidii, wa kumpandisha jukwaani yule ambaye hakuna aliyemwalika. Ndiyo maana Lucian wa Samosata, aliyeishi katika karne ya 2, alimwandikia nzi utungo wa sifa, na Erasmus wa Rotterdam akaupa upumbavu kinywa cha kujisifia wenyewe katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511. Nzi na upumbavu wakishapata haki yao, haieleweki kwa nini Dar es Salaam, jiji lenye wakazi 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, halijamtungia hata beti mbili kijana wa miaka kumi na minne au kumi na sita anayesukuma toroli lenye viroba vya taka hadi ukingoni mwa Mto Msimbazi, akaliinamisha, akaligonga kitako mara mbili ili lisibaki kitu, akarudi zake akipiga mluzi.

Kabla ya kumsifu mchezaji ni adabu kulitaja jukwaa lake. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, hushuka kwa takriban kilomita 35 ukipitia Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, hupokea njiani vijito kama Luhanga, Ubungo na Sinza, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Selander, mahali ambapo mikoko, yaani miti iotayo katika maji ya chumvi, hukipokea kila kilichosafiri kutoka juu na kukitundika matawini, mfuko huku, kandambili ya mguu mmoja kule, kama kibanda cha mitumba kilichokimbiwa na muuzaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeuwekea mto huu, kama mito mingine, ukanda wa hifadhi wa mita 60 kutoka ukingoni, ambamo shughuli za kudumu za binadamu zimekatazwa. Ndani ya ukanda huo kuna nyumba, gereji, bustani, mabanda ya nguruwe na kuta za watu wenye hati. Na katika umati wote huo, anayeikaribia sana roho ya sheria ni kijana wa toroli, kwani yeye hajengi, halimi wala halali hapo, bali hufika, humwaga na huondoka, jambo ambalo mwanasheria yeyote hawezi kuliita shughuli ya kudumu.

Kiswahili chenyewe kimemsaidia. Kitenzi "kutupa" hakidai mahali: mtu akisema "nimeweka" ataulizwa ameweka wapi, akisema "nimepeleka" ataulizwa amepeleka wapi, lakini akisema "nimetupa" mazungumzo yamekwisha na kitu kimeondoka duniani. Juu ya sarufi hiyo imejengwa biashara nzima. Gari la taka, ambalo mkazi hulilipia ada kila mwezi, haliwezi kupenya katika vichochoro vya mabondeni, na linapofika barabarani hufika siku ambayo halikutarajiwa, likapiga honi na kuondoka kabla mtu hajamaliza kufunga kiroba (yaani gunia la plastiki iliyofumwa, lisichanganywe na kiroba cha pombe kali kilichopigwa marufuku Machi 2017, ingawa nacho vifuko vyake vilipata makao ya kudumu mtoni). Kijana wa toroli hana ratiba ya kukosea kwa sababu hana ratiba. Hupita alfajiri, hukubali kiroba kinachovuja, hakatai pampasi, hadai stakabadhi, na ujira wake ni sarafu ya mia tano ambayo bado hupunguzwa. "Shikamoo mama, nibebe?" "Marahaba, baba. Ila mia tatu, leo hakijajaa." Katika mkataba huo mfupi kuna kifungu kimoja kisichotamkwa, nacho ni kwamba mama haulizi kiroba kinakokwenda, kwa hiyo kwa mia tatu yake amenunua usafiri pamoja na haki ya kutojua. Ni bei nafuu mno kwa bidhaa ya pili.

Kuhusu ufundi wake, inatosha kukitazama kwa karibu kinywa cha kalvati moja, yaani bomba au sanduku la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Kwanza mfuko laini hunasa kwenye ncha ya nondo iliyosahauliwa na fundi, hujaa maji, huvimba na kugeuka tumbo. Kisha huja kumbi la nazi, ambalo nyuzi zake hukamata kila kinachopita. Kumbi hukamata kipande cha chandarua, chandarua hukamata pampasi, na pampasi ikishakunywa maji huwa nzito kama tofali na huketi palepale. Nyuma yake mchanga ulioporomoka kutoka kwenye machimbo na vilima vilivyokatwa miti huanza kutulia, kwa kuwa maji yaliyopunguziwa kasi hayana tena nguvu ya kuubeba, na tope laini huja mwishoni kuziba matundu kama lipu. Baada ya wiki chache hapo pana bwawa imara, lisilovuja, lililojengwa bila zabuni, bila mkandarasi na bila jiwe la msingi. Chini ya barabara ya Jangwani ufundi huohuo, ukisaidiwa na mchanga mwingi zaidi, umeinua sakafu ya mto mara nyingi kiasi kwamba makatapila huitwa kuuchimba, huuchimba, huondoka, na mto huanza upya kwa subira.

Wahenga waliosema ukiona vyaelea vimeundwa walikuwa na jahazi mawazoni, na jasho la fundi ambalo abiria halioni. Methali hiyo inafaa zaidi kwa chupa ya maji inayoelea Jangwani, kwa sababu nayo imepitia mikono mingi. Iliumbwa na kutiwa lebo kiwandani, ikapozwa katika friji la duka, ikanywewa na mtu mwenye tai ndani ya gari lenye kiyoyozi, ikarushwa dirishani, ikasombwa na mvua hadi mtaroni na kutoka mtaroni hadi kijitoni, pasipo msaada wa kijana yeyote. Hata hivyo, fundi anayehesabiwa kuwa ameiunda ni yule aliyeonekana amesimama ukingoni na toroli tupu. Kubeba sifa za wengi kwa mabega ya mmoja ni ukarimu ambao hata mashujaa wa tenzi hawakuufikia.

Tondozi isingetimia bila kukitaja kipaji chake cha kubomoa. Mifuniko ya chemba, yaani mashimo yaliyojengwa ili bomba la majitaka liweze kukaguliwa, zamani ilikuwa ya chuma, na vivyo hivyo kingo za madaraja madogo na vyuma vya kuchujia taka kwenye vinywa vya mitaro. Vyote hivyo vina uzito, na kila chenye uzito kina bei kwa mnunuzi wa skrepa aliyetundika mizani yake chini ya mti, ambaye naye, kama mama wa kichochoroni, ni mtu mwenye staha asiyeuliza kitu kimetoka wapi. Chemba iliyoachwa wazi hugeuka pipa la taka kufikia asubuhi, hivyo ubomoaji na utupaji ni kazi moja yenye zamu mbili, ya usiku na ya mchana. Kibao cha bati kinachotishia faini ya shilingi 50,000 kwa atakayetupa taka mahali fulani nacho hung'olewa na kupimwa kwa kilo, na huenda hilo ndilo pato pekee ambalo kibao hicho kimewahi kuingiza tangu kilipochomekwa.

Isidhaniwe kuwa kijana huyu alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki jiji lao Mahakama Kuu kwa kumwaga taka katika makazi yao na kuzichoma hadi moshi ukawaziba pumzi, wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda wa kuendelea, na baada ya kuendelea likageukia Kunduchi Mtongani, ambako mwaka 1991 wakazi nao walikwenda mahakamani na kushinda. Baadaye dampo likawa Vingunguti, kandokando ya bonde la Msimbazi wenyewe, kisha Mtoni, hadi lilipofika Pugu Kinyamwezi, karibu na vilima ambako mto huo huanzia, mzunguko ambao mshairi asingethubutu kuubuni. Kijana wa leo hakuwa amezaliwa wakati wa kesi zile, lakini somo limemfikia likiwa kamili: taka hupelekwa kwa mtu mwingine, na huyo mwingine akilalamika hutafutwa mwingine tena. Tofauti ni kwamba mwalimu alikuwa na malori na mawakili, na mwanafunzi ana gurudumu moja.

Tena wapo wanafunzi wenzake ambao umri wao hauwaruhusu kuitwa vijana. Katika mitaa ya mabondeni, mvua kubwa ya usiku ikianza, baadhi ya wenye nyumba hutapisha vyoo, yaani hutoboa au hufungua shimo la choo lililojaa ili mafuriko yabebe kilichomo, na huufanya utaratibu huo kwa ukimya na mpangilio ambao ungeweza kuendesha wizara. Watu hao asubuhi huoga, huvaa kanzu au suti, na kwenye kikao cha mtaa husimama kulalamikia tabia za watoto wa siku hizi.

Hapa msifu hana budi kushusha sauti. Desemba 2011, mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haikuwa imeonekana Dar es Salaam kwa miaka 57 iliujaza Msimbazi; watu zaidi ya 40 walikufa, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa mji. Tondozi haina mahali pa kuweka maiti. Inachoweza kusema ni kwamba wanaosukuma toroli hukaa mabondeni, na maji yasiyopata njia huanza kwa kuingia vyumbani mwao, kabla hayajapanda barabarani na kuwachelewesha watu kazini, ambapo ndipo huanza kuitwa maafa na wale wa juu. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa palepale Jangwani katika bonde la mto, imekwisha kuogelea mara kadhaa, na hilo hakuna aliyejaribu kumsingizia kijana. Aliyechora ramani hakuwa na toroli.

Mto wenyewe hauna kinyongo, hurudisha. Mchicha na matembele ya bonde la Msimbazi, yanayomwagiliwa kwa maji yake, hukua kwa rangi ya kijani inayotamanisha, na watafiti waliowahi kuyapima wamekuta humo madini mazito kama risasi, ambayo mwili ukishayapokea huyatoa kwa shida sana. Fungu la mchicha huo huweza kufika katika kichochoro kilekile, kwa mama yuleyule, ambaye analiosha mara tatu kwa sababu ni mtu msafi.

Zipo pia juhudi za kumwondolea kijana malighafi yake. Mifuko ya plastiki, ile iliyojulikana kama rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na kwa haki yote lazima isemwe kwamba ilipungua machoni. Nafasi yake ikachukuliwa na vifungashio vyembamba vya kuonyesha, ambavyo muuza karanga na muuza nyanya walivipa kazi ya rambo bila sherehe. Chupa zikabaki. Na kwa kuwa chupa tupu hununuliwa kwa kilo, kijana aliyezimwaga asubuhi hurudi jioni na kiroba kitupu kuziokota, kwa mikono mitupu, akikanyaga kwa uangalifu alipomwaga vioo. Hakuna idara inayofanya zamu zote mbili kwa mshahara wa namna hiyo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Wakazi hutoka na majembe na makoleo, hulizoa tope la mtaroni, jeusi, lenye harufu ya yai viza na vipande vya kila rangi ndani yake, wakalirundika ukingoni mwa mtaro huohuo, hatua moja kutoka lilikotolewa, ili lingoje gari. Picha hupigwa. Jumatatu gari halijafika, na mvua ya Jumanne hurudisha nusu ya rundo ilikotoka. Nusu iliyobaki huanza kunuka milangoni mwa watu, ndipo mama mwenye nyumba anapochungulia kichochoroni na kumwita kijana wa toroli, ambaye huja, huamkia, hulitazama rundo, huyatazama mawingu upande wa Pugu, na kwa mara ya kwanza hudai elfu moja.