Kikombe kabla ya mbio: mambo sita ya kujua ukiwa stendi ya Nzuguni

Ukitaka kuona mbio fupi Dodoma, uache Uwanja wa Jamhuri, nenda stendi kuu ya mabasi Nzuguni alfajiri. Abiria anafukuzia basi, kuli anapandisha gunia la alizeti, bodaboda wanagombea mteja. Kazi za sekunde chache, pumzi juu juu. Pembeni yupo muuza kahawa na birika lake. Kikombe kinasaidia? Tuhesabu kushuka.

6. Si haramu. WADA, wanaopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, waliitoa kafeini, kichangamsho kilichomo kwenye kahawa, kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004. Sasa wanaifuatilia tu. Ukilipita basi kwa miguu, ushindi ni halali. Nauli bado unadaiwa.

5. Haileti nguvu, inanyamazisha uchovu. Mwilini kuna adenosini, inayouambia ubongo kwamba umechoka. Kafeini huwahi nafasi yake, kama abiria aliyekalia siti ya mwenzake. Mwenye siti hajaghairi safari. Yupo mlangoni na tiketi yake mkononi.

4. Inataka muda. Kwa kawaida wanamichezo huinywa kama saa moja kabla. Wewe unaigugumia honi ikishalia? Itakukolea uko kitini, njia ya Morogoro, huna pa kukimbilia. Wenye haraka siku hizi hutafuna bigijii za kafeini, maana hufika kwenye damu upesi zaidi. Wahaya wa Kagera, waliotafuna kahawa tangu enzi za mababu, wanawatazama tu na kutabasamu.

3. Kipimo kina hesabu. Tafiti nyingi hutumia miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 aanzie 210. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu mara nyingi lina kama 80, kikombe cha chai kama 40. Kwa chai ni vikombe vitano na ushee, na mbio zako zitaishia chooni. Ukifika miligramu 9 kwa kilo, faida haiongezeki. Kinachoongezeka ni mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio kabla yako. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu wamwone daktari kwanza. Na ukinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku karibu nusu bado imo mwilini, inapiga soga na wewe kitandani.

2. Faida ipo, ila ndogo. Kwenye jaribio la kukanyaga baiskeli kwa nguvu zote sekunde 30, kafeini huongeza nguvu kwa takriban asilimia 3 hadi 4. Kwa bingwa, hiyo yaweza kuwa tofauti ya dhahabu na mkono mtupu. Kwako wewe, basi likishakutangulia mita 50, dawa yake ni bodaboda.

1. Imani nayo inakimbia. Kuna waendesha baiskeli walioambiwa wamepewa kafeini, kumbe hawakupewa hata chembe, na bado wakakanyaga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo muuza kahawa akikuapia kwamba hiki kikombe kinaamsha wafu, usibishane naye. Lipa, amini, kisha funga kamba za viatu: hizo hazina kahawa inayozifunga.