Kanuni za Kijiweni: Mwongozo wa Kuzurura na Pikipiki Wakati wa Maradhi

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizifunga shule zote, kuanzia za awali hadi sekondari. Kesho yake vyuo vikafuata. Barabara haikufungwa. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Wanyarwanda waliamriwa kubaki majumbani kuanzia usiku wa 21 Machi, na pikipiki za abiria zikapigwa marufuku. Uganda nako bodaboda wakakatazwa kupakia watu. Sisi wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, tuliachiwa lami, vumbi, vilima na akili zetu. Kidato cha sita na vyuo walirudi darasani 1 Juni, wengine wakasubiri hadi 29 Juni. Hebu fikiria kijana wa kidato cha tatu: zaidi ya miezi mitatu yuko nyumbani, hana kipindi, hana mpira wa shule, na uani kwa baba yake mdogo imeegeshwa Boxer yenye mafuta nusu tangi.

Kilichofuata tulikiona, kuanzia Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura hadi Benaco na Kabanga. Ikifika saa kumi jioni, pikipiki zinatoka vichochoroni bila abiria wala mzigo. Zinakwenda "kutembea". Mchezo huo una mwongozo wake. Haujaandikwa popote, lakini kijiweni wanaujua kwa kichwa na wadogo wanarithishwa na wakubwa. Nimeamua kuuandika hapa, na kando ya kila kanuni nimeweka bei yake, maana kijiweni bei haitajwi. Wewe unayejiandaa kutoka na pikipiki jioni ya leo, soma kwanza.

Kanuni ya kwanza: chukua pikipiki ya mtu.

Pikipiki ya kuzururia aghalabu si ya mzururaji. Ni ya baba mdogo, ya shemeji, au ya jirani aliyekwenda kulala mchana baada ya kukesha kijiweni. Na huyo jirani naye mara nyingi hajaimiliki bado: ameichukua kwa mkataba, na kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri mpaka deni liishe. Ukiiangusha Jumapili, Jumatatu hesabu inadaiwa kama kawaida. Bima ndogo aliyoikatia inamlinda mtu wa tatu, yule utakayemgonga. Haikunyooshei rimu wala haikununulii taa. Na kama huna leseni daraja A, usitarajie hata hiyo bima ndogo ikutetee. Umechukua riziki ya nyumba nzima ukaenda nayo kuonyesha wasichana wa Benaco jinsi unavyoweza kunyanyua tairi la mbele. Watoto wa jirani yako watakula nini wiki hiyo? Swali hilo mjibu mama yao, si mimi.

Kanuni ya pili: pakia mishikaki.

Dereva, nyuma yake wawili, na akipatikana mdogo wa mtu anakaa mbele kwenye tangi. Wakati wa korona kanuni hii ilikuwa na ubaya wa aina mbili kwa mpigo. Ugonjwa ulikuwa wa pumzi, nao wanne wanapumuliana kisogoni njia nzima, wanaimba, wanapiga kelele ili wasikike juu ya muungurumo wa ekzosi iliyotobolewa. Halafu kuna uzito. Breki zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wawili sasa zinaombwa kusimamisha wanne, na aliyekaa kwenye tangi amemziba dereva mikono. Dereva hawezi kukata kona ipasavyo hata akitaka.

Hapo hapo kijiwe kilijipatia kisingizio kipya: kofia ngumu inaambukiza. Hofu ile naielewa, wala siicheki. Kofia moja iliyovaliwa na abiria ishirini kwa siku, yenye jasho la kila mmoja, haikuwa kitu cha kuvaa bila kufikiri mwaka ule. Lakini dawa yake ilikuwa kuwa na kofia yako, au kufunga kitambaa safi kichwani kabla ya kuivaa na kuipangusa ndani kwa sabuni. Wengi walichagua kuitundika kwenye kioo cha pembeni. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane yalikuta kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya wapanda pikipiki wanaopata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ikitundikwa kwenye kioo haipunguzi chochote.

Kanuni ya tatu: ukianza kushuka, weka gia huru.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kanuni hii ndiyo ya kwetu hasa. Ngara ni vilima. Ukitoka mjini kuelekea Rulenge, Kabanga au Rusumo, unapanda na kushuka muda wote, na asubuhi nyingi ukungu umelala mabondeni. Vijana wamejifundisha kuzima injini kileleni, kuweka gia huru na kuiachia pikipiki iserereke yenyewe mpaka chini. Mwenye bodaboda anayetafuta riziki anasema anabana petroli. Mzururaji hana cha kubana. Anataka ule ukimya, upepo masikioni, na kuona ni nani atafika bondeni wa kwanza.

Injini ikiwa kwenye gia, yenyewe inakusaidia kuzuia mwendo. Ukiiondoa, mzigo wote unabaki kwenye breki, na breki ikibanwa mteremko mzima inapata moto na kuanza kulegea wakati ule ule unaoihitaji zaidi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne. Kwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Macho yanaona, akili inaamua, mguu unabana: sekunde moja imekwisha, na mita 22 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Sasa jiulize bondeni kuna nini.

Kuna lori. Barabara hii kutoka Nyakanazi hadi Rusumo ni njia ya mzigo wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo kutoka bandari ya Dar es Salaam, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari kubwa lifike tani 56 pamoja na mzigo wake. Mwaka 2020 malori yalikuwa mengi mpakani kuliko kawaida. Mwishoni mwa Aprili Rwanda ilitaka madereva wabadilishane Rusumo, Mtanzania aishie pale na Mnyarwanda aendelee na gari, na mvutano uliofuata ukaacha foleni za malori upande wetu. Madereva walikaa siku nyingi, wakipika chini ya tela, wakisubiri wakubwa waelewane. Watu hao hawakuwa na pa kwenda. Katikati yao kulikuwa na vijana wa kwetu wakipita kwa kasi kati ya tela na tela.

Anayeijua barabara hii anajua alama ya lori lililoharibika. Utingo anashuka na panga, anakata matawi ya mti wa karibu, anayapanga chini kuanzia mbali, rundo moja, hatua kadhaa, rundo jingine, mpaka nyuma ya tela. Mchana matawi yanaonekana vizuri, ni mabichi na yana majani mapana. Saa moja usiku yanakuwa na rangi ile ile ya lami. Taa ya pikipiki iliyozimwa injini inafifia au haiwaki kabisa. Unaposikia majani yanavunjika chini ya tairi, tayari umefika kwenye tela. Namwomba kila kijana wa Ngara aikumbuke sauti hiyo kabla ya kuzima injini kileleni.

Kanuni ya nne inahusu wenye magari, nayo si ndefu: jaza mchomoko. Probox ya watu watano inabeba tisa kwenda harusini, wawili wakiwa buti, na dereva amebananishwa na abiria wa "pembeni yake". Mwaka ule harusi na misiba haikusimama kwetu. Huko ndani ugonjwa ulipata nafasi sawasawa na ajali.

Ya tano: pata rubisi kidogo ili upate ujasiri. Mtu anayehitaji ujasiri wa kunywa ili aendeshe amekwisha kujijibu kwamba hapaswi kuendesha.

Kanuni ya sita ndiyo inayoniumiza: ukianguka, wenzako watakubeba.

Ni kweli, watakubeba. Watu wa huku hawamwachi mtu barabarani. Lakini fuata safari yako mpaka mwisho wake. Kituo cha afya kitakufunga bandeji na kukupa rufaa. Utafika hospitali ya Murgwanza au ya wilaya, na kama fuvu limepasuka au paja limevunjika vibaya, utaambiwa uende Bukoba au hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwenda Bugando mwaka 2020 kulikuwa na maana ya kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Daraja la kilomita 3 linalopita hapo leo lilifunguliwa 19 Juni 2025. Wakati ule gari la wagonjwa lilifika ufukweni likasubiri chombo kije, kipakie, kivuke. Ndugu zako wameuza mbuzi, wamekopa, na wamelala kwenye korido za hospitali ambako wagonjwa wa kifua walikuwa wakiingia kila siku. Muuguzi aliyekuwa na barakoa za kuhesabu alitumia mojawapo kukushona wewe uliyetoka kutembea tu.

Wapo wanaosema hayo ni ya korona, na korona imepita. Nenda Biharamulo ukawaulize. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kwamba kuna ugonjwa wa Marburg wilayani humo. Ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10: wawili waliothibitishwa maabara na wanane waliodhaniwa kuwa nao. Wote 10 walifariki. Kabla ya hapo Kagera hii hii ilikuwa imepigwa na Marburg mwaka 2023, wakati huo upande wa Bukoba Vijijini.

Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa, na huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Sasa rudia kanuni ya sita ukiwa na hilo kichwani. Umeanguka, damu inatoka, na wasamaria wanne wamekuja kukunyanyua kwa mikono mitupu. Katika wiki zile kila mmoja wao alikuwa na haki ya kusita, na kila mmoja aliyesita angeishi na aibu ya kusita. Pale hospitali, mtu anayetoka damu anapokelewa kwa glavu mbili na gauni. Vifaa hivyo vinamsubiri mwingine. Na waliomgusa mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa siku 21. Mhudumu wa afya anazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza ulikuwa wapi na nani. Mzururaji aliyepita vijiji sita jioni moja, akipakia huyu na kumshusha yule, atamjibu nini?

Basi ukinilazimisha nikupe mwongozo wangu, huu hapa, nao ni mfupi. Safari iwe na jina: sokoni, zahanati, shambani, kumpeleka mama kliniki. Kama huwezi kuitaja kwa neno moja, iache. Abiria mmoja tu. Kofia yako mwenyewe kichwani, mkanda umefungwa. Mteremkoni gia ya pili au ya tatu, injini inawaka, taa inawaka hata kama jua halijazama. Ukiona matawi barabarani, punguza tangu rundo la kwanza. Ukiombwa kumbeba mgonjwa mwenye homa kali na anayetoka damu wakati maradhi yametangazwa, usimbebe: piga simu kituo cha afya au kwa mwenyekiti wa kitongoji, waje na vifaa. Hilo si roho mbaya. Ni kumlinda yeye, wewe, na watakaopanda kiti hicho hicho baada yake.

Nimebakiza neno kwa baba wadogo, mashemeji na majirani wote wenye pikipiki uani. Mwaka 2020 mlilalamika kwamba vijana wamechukua vyombo bila ruhusa, na wengi wenu funguo mliziacha zinaning'inia. Maradhi mengine yatakuja Kagera, na shule zitafungwa tena. Siku hiyo, kabla mtoto hajaweka madaftari yake kabatini, ingieni na funguo ndani.