Sifa za Tairi Lisilotaka Kuzeeka

Miongoni mwa vitu vilivyosingiziwa mengi na kutetewa kwa machache, hakuna kinachostahili wakili kuliko tairi la redieli la mbio za dragi, yaani lile tairi pana na laini, lenye kashata chache, ambalo Wamarekani wenye magari ya misuli hulifunga nyuma na kisha kwenda nalo kazini, dukani na kanisani kana kwamba ni tairi kama mengine. Washitaki wake hudai kwamba huisha upesi, huogopa mvua, hushindwa na baridi, na kwamba aibu zote hizo haziipunguzi bei yake hata senti moja. Mashitaka hayo ni ya kweli tupu, na ni kutokana nayo, wala si kwa kuyakana, kwamba sifa za tairi hili zinapaswa kujengwa.

Gari la misuli, kwa maelezo mafupi, ni gari la Kimarekani la ukubwa wa kati, kwa kawaida la milango miwili, lililotiwa injini ya silinda nane iliyokuwa kubwa kuliko busara ya bodi lake, na nguvu zake zote hupelekwa kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa Pontiac GTO ya 1964, yenye injini ya lita 6.4, na kufikia 1970 Chevrolet ilikuwa ikiuza Chevelle SS yenye injini ya LS6 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Kasoro ya magari hayo ilikuwa kwamba matairi ya zama zile, membamba na yenye nyuzi za mshazari, hayakuweza kuzipeleka nguvu hizo barabarani, hivyo sehemu kubwa ya fahari ya Detroit iliishia kuwa moshi. Katika mbio za dragi, ambamo magari mawili huondoka kutoka hali ya kusimama na kushindana kwa umbali wa mita 402 tu, dawa ilikuwa tairi la mbio lisilo na kashata kabisa, lakini tairi hilo haliruhusiwi katika barabara za umma, na mwenye gari alilazimika kulibeba ndani ya buti na kulibadilisha uwanjani huku jasho likimtiririka.

Tairi la redieli la dragi lilizaliwa ili kuusuluhisha ugomvi huo. Nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo badala ya kukatizana mshazari, na chini ya uso wake kuna mikanda inayolifanya ligandamane na lami kwa upana wake wote. Juu ya hayo limewekwa mpira wa mbio, ukachorwa mifereji inayotosha kuiridhisha sheria, na ubavuni ukapigwa muhuri wa herufi DOT, ambao ni tamko la mtengenezaji kwamba tairi limetimiza masharti ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani. Mifereji hiyo ni michache kiasi kwamba dereva wa daladala angeliita tairi kipara na kulirudisha dukani, ilhali ndiyo kwanza limetoka kiwandani.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu. Serikali ya Marekani huwataka watengenezaji waandike ubavuni mwa matairi ya magari madogo namba ya uvumilivu, inayotokana na jaribio ambalo msafara wa magari huzunguka barabara za magharibi mwa Texas, karibu na San Angelo, hadi kutimiza takriban kilomita 11,600, na kulika kwa tairi linalopimwa hulinganishwa na kulika kwa tairi la kigezo lenye namba 100. Tairi la kawaida la familia hujivunia 400, 500 au zaidi. La dragi huandikwa 100, na yapo yanayoandikwa 00 pasipo kuona haya. Ni viumbe wangapi wanaoingia sokoni wakiwa wametangaza kwa maandishi kwamba hawana mpango wa kuishi? Tairi gumu hubana mpira wake kwa miaka mingi na halimpi mtu kitu, lakini hili hujitoa kipande kwa kipande kila taa ya kijani inapowaka, na mwenye macho huikuta zawadi hiyo imetandazwa barabarani kwa mistari miwili myeusi. Hutoa na hupokea pia, kwa maana likishapata joto hunata na kuokota kila kokoto lililo njiani, kisha hulirusha kwenye madigadi, na rangi ambayo fundi aliipiga kwa mwezi mzima huanza kupata madoadoa.

Fadhila ya pili, ambayo ndiyo inayosemwa vibaya kupita zote, ni msimamo wake mbele ya mvua. Tairi la kawaida jipya lina mifereji yenye kina cha karibu milimita 8, ambayo kazi yake ni kuyafukuza maji ili mpira uguse lami. La dragi huanza maisha na takriban nusu ya kina hicho, na baada ya msimu mmoja wa furaha huwa limekaribia milimita 1.6, kiwango ambacho majimbo mengi huhesabu kuwa mwisho wa uhalali. Kwa kuwa ni pana na mifereji yake ni haba, maji yakituama barabarani hupanda juu yake na kuelea, na wakati huo usukani, breki na mafuta huwa mapambo tu. Wasiofikiri huiita hali hii hatari, nayo ni hatari kweli, lakini ni lini mwenye gari la farasi 450 alishawahi kuitazama mbingu kwa unyenyekevu kabla ya kufunga matairi haya? Sasa huamka kabla ya jua, husoma utabiri wa hali ya hewa wa saa kwa saa, huzitambua aina za mawingu, na wingu jeusi likijitokeza upande wa barabara kuu hughairi safari na kuazima gari la mkewe. Baridi nayo humwongezea elimu: halijoto ikishuka chini ya kiwango cha kuganda, mpira huu hukakamaa na unaweza kupasuka nyufa hata kwa kuhamishwa tu, hivyo katika majimbo ya kaskazini tairi hupewa chumba chenye joto wakati mbwa wa nyumba analala barazani.

Kuchagua saizi ni somo la hesabu. Saizi inayopendwa sana kwa magari ya zamani yenye rimu za inchi 15 ni 275/60R15, ambapo 275 ni upana kwa milimita, 60 ni asilimia ya upana huo inayokuwa urefu wa ubavu, yaani milimita 165, herufi R ni redieli, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu ukihesabiwa juu na chini pamoja na rimu, gurudumu zima hupata kimo cha milimita 711, na hapo ndipo mwenye gari hugundua kwamba upande wa ndani linagusa springi na upande wa nje linakwaruza mdomo wa madigadi, ambao fundi hulazimika kuukunja kwa nyundo. Kimo kikizidi cha awali, spidomita husoma chini ya kasi halisi, na uwiano wa meno ya difu hupungua makali, kwa hiyo difu nayo huingizwa katika orodha ya manunuzi. Upepo hauna maelezo marefu: barabarani hujazwa karibu psi 30, uwanjani hushushwa hadi karibu psi 18, na anayesahau kuurudisha huendesha kwenda nyumbani huku mkia wa gari ukiyumba.

Tairi hili halina unafiki pia. Tairi la mshazari la uwanjani, likianza kuteleza, humpa dereva nafasi ya kujirekebisha. Redieli hushika kwa nguvu zote mpaka linapoacha, na likiacha halisikilizi rufaa. Heshima yake kubwa ilifika Dodge ilipotoa Challenger SRT Demon ya modeli ya 2018 ikiwa na matairi ya Nitto ya aina hii kutoka kiwandani, gari la farasi 840 kwa petroli ya mbio, ambalo Dodge ilitangaza kuwa humaliza mita 402 kwa sekunde 9.65. NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo tangu 1951, kililikataa katika viwanja vyake jinsi lilivyotoka kiwandani, kwa kuwa wakati huo gari la kasi hiyo lilitakiwa kuwa na kizimba cha chuma cha kumkinga dereva. Tairi lilikuwa limeifanya kazi yake vizuri kiasi cha kulifungia gari mlango.

Linabaki jambo moja linalomhusu mnunuzi wa mtumba. Kila tairi hili linapopata joto kali na kupoa, mpira wake huongeza ugumu kidogo, hivyo linaweza kufa likiwa bado na mifereji inayoonekana, na muuzaji ataionyesha mifereji hiyo kwa kidole. Mnunuzi mwenye busara huacha kidole cha muuzaji, hukandamiza ukucha wake mwenyewe kwenye mpira, kisha hutafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, kwa mfano 3519, zinazomaanisha wiki ya 35 ya mwaka 2019. Asipoziona ubavu wa nje, huinama na kuangalia ubavu wa ndani, kwa maana tarakimu hizo mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, na muuzaji naye anajua ni upi.