Namna ya Kulinganisha Takwimu za Ohio State na Michigan Bila Kufukuzwa Sebuleni

Chukua karatasi, piga mstari katikati kutoka juu hadi chini, kisha juu ya safu ya kushoto andika Ohio State, timu ya chuo kikuu inayocheza mpira wa Kimarekani. Safu ya kulia, kama uko Columbus, mji wa chuo hicho, usiandike Michigan. Wiki ya mchezo huu herufi M kwenye mabango ya chuo huzibwa kwa utepe mwekundu uliokatizana, na mashabiki wengi hawalitamki jina la watani wao. Husema tu "wale wa kaskazini", kama alivyozoea kocha wao wa zamani Woody Hayes. Nawe andika hivyo hivyo. Mgeni aliyealikwa kutazama mpira Jumamosi ya mwisho ya Novemba hana ruhusa ya kuanza na kosa la herufi.

Columbus ina jamii kubwa ya Wasomali, wengi wao waliopitia Kenya, kwa hiyo Kiswahili si kigeni katika sebule za mji ule. Basi haya nayasema kwa anayekaa hapo, na kwa nduguye wa Ann Arbor, mji wa chuo cha Michigan, anayetaka kubishana naye kwa simu. Sheria za kuanzia ni chache: uwanja una yadi 100, timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, tachidauni, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja, ni pointi 6, na mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo ni pointi 3. Mengine utayachukua njiani.

Kwanza kabisa, futa yadi kwa mchezo. Ndiyo takwimu inayopendwa na kila mtu, na ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu timu inayocheza haraka hupata majaribio mengi na yadi zake hupanda hata kama kila jaribio ni la kawaida. Andika yadi kwa kila jaribio. Kando yake andika ni mara ngapi jaribio lilifanikiwa, kwa kipimo wanachotumia wachambuzi wengi: jaribio la kwanza lilete nusu ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 70, la tatu na la nne zote. Vipimo hivi viwili ni lazima vikae pamoja, maana wastani peke yake huficha mengi. Mwaka 2022 Donovan Edwards wa Michigan alikimbia na mpira mara 22 akapata yadi 216. Wastani wake unakaribia yadi 10, na anayesoma wastani tu atadhani Ohio State walisukumwa nyuma mchana kutwa. Lakini mbio mbili, za yadi 75 na 85, zote tachidauni, zilibeba yadi 160 kati ya hizo. Mbio 20 zilizobaki zilileta yadi 56. Michigan walishinda 45–23 pale pale Columbus, na ushindi wao ulitoka kwenye nyufa chache zilizofunguka hadi mwisho wa uwanja. Kwa hiyo tenga mstari wa matukio makubwa, yale ya yadi 20 na kuendelea, kwa kila timu.

Sasa twende kwenye mbio, na hapa nakuomba uvute kiti, kwa sababu ndipo wabishi wengi huangushwa. Katika mpira wa vyuo, kwotabeki, yule mtupaji pasi wa timu, akiangushwa kabla hajatupa, yadi alizopoteza hukatwa kwenye mbio. Kwenye ligi ya kulipwa ya NFL hukatwa kwenye pasi. Tuseme timu imekimbia mara 30 ikapata yadi 150, halafu kwotabeki wake akaangushwa mara nne kwa hasara ya yadi 30. Vitabu vya chuo vitaandika mbio 34, yadi 120. Wastani umeshuka kutoka yadi 5 hadi 3.5, na hakuna mkimbiaji aliyekosea chochote! Ondoa maangusho hayo kwanza, uyaandikie mstari wake, ndipo ulinganishe. Nawaonea huruma wakimbiaji wa vyuo wanaolaumiwa kila wiki kwa uzembe wa walinzi wa kwotabeki, na mtu anayewatetea kwa hesabu sahihi anafanya jambo la haki.

Uliza pia yadi hizo zilipatikana kwa nani. Mwanzoni mwa msimu, Septemba, vyuo vikubwa hulipa vyuo vidogo vije kucheza, na mara nyingi wageni hupigwa vibaya. Mara nyingi, si kila mara: tarehe 1 Septemba 2007 Appalachian State walikwenda Ann Arbor wakaifunga Michigan 34–32. Hata hivyo, kwenye karatasi yako anza na michezo ya ligi yao, Big Ten, na uache yaliyotokea robo ya mwisho timu moja ikiwa mbele kwa tachidauni nne.

Mipira iliyopotezwa iandike kwa kalamu ya risasi. Pasi zinazodakwa na wapinzani zina mwandiko wa kwotabeki ndani yake, lakini mpira ulioponyoka mikononi hudunda unavyotaka kwa umbo lake la yai, na baada ya muda kila timu huokota karibu nusu. Timu iliyookota yote msimu mzima ilikuwa na bahati, na ukimwambia hivyo shabiki wake, mwambie baada ya chakula.

Halafu kuna mguu. Usiache safu ya mguu tupu! Tarehe 25 Novemba 1950, Columbus ikiwa ndani ya dhoruba ya theluji, Michigan walipata yadi 27 mchana mzima. Walitupa pasi tisa, hakuna hata moja iliyofika. Hawakuwahi kusogeza yadi 10 ndani ya majaribio yao. Walirudisha mpira kwa teke mara 24, wakazuia mateke ya wenyeji wao, na wakashinda 9–3. Nao 2024 walikuja Columbus wakiwa wameshinda sita na kupoteza tano, mbele ya Ohio State walioshika namba 2 nchini. Kwotabeki wao alipata yadi 62 tu za pasi, na pasi zake mbili zikadakwa. Lakini kwotabeki wa Ohio State naye alidakwa pasi mbili, mpigaji wao akakosa mateke mawili, na mpigaji wa Michigan, Dominic Zvada, akafunga zikibaki sekunde 45: 13–10. Wiki chache baadaye Ohio State hao hao wakawa mabingwa wa taifa.

Atatokea mtu sebuleni atakayesema kwamba mambo kama hayo yanaonyesha takwimu ni kazi bure. Mpinge kwa nguvu zako zote. Karatasi haikukuahidi mshindi. Inakuonyesha pengo lilipo, ili macho yako yawe pale kabla kamera haijafika. Kwa hiyo tafuta mstari ambao timu mbili zinaachana zaidi, uzungushie duara, na mchezo ukianza tazama hapo tu kwa robo ya kwanza. Kama ni maangusho ya kwotabeki, uache mpira uende zake, tazama wanaume watano waliosimama mbele yake na miguu yao. Utaona mapema timu gani imeanza kurudi nyuma, na utasema kabla mtangazaji hajasema.

Mchezo kwa desturi huanza saa sita mchana huko, ambayo ni saa mbili usiku Nairobi na Dar es Salaam. Hesabu imalizike Ijumaa usiku, na uwe na nakala mbili, moja ya mwenyeji wako.