Kiingereza Kinachoishia S

Nyumbani kwa mjomba wangu, Kanduyi, Bungoma, Kiingereza kinaishia S. Kamusi nene aliyozawadiwa alipostaafu ualimu ilikaa juu ya kabati, mchwa wakaiingia kwa nyuma, wakaanzia Z wakija mbele. Siku alipowagundua na kuwamwagia mafuta ya taa, T yote ilikuwa imeshaliwa. Mtu mwingine angenunua kamusi mpya. Khocha, kama sisi watoto wa dada zake tunavyomwita, alisema kurasa zilizobaki zinamtosha yeyote mwenye akili.

Na zingemtosha, lau si Scrabble. Unachota herufi saba mfukoni bila kuchungulia, unatafuta neno la Kiingereza lililojificha humo, unalipanga ubaoni. Mwenzako akilitilia shaka, kamusi ndiyo hakimu. Sasa hakimu wetu hajui lolote kuanzia T kwenda mbele, na habari hiyo haikuchukua muda kuenea mtaani. Wageni walianza kuzitunza V na Z zao kama akiba ya karo. Khocha mwenyewe, mwalimu wa Kiingereza aliyechapa vizazi viwili kwa ajili ya tahajia, aliweka "zaplin" na kutueleza, uso mkavu, kwamba ni sehemu ya jembe la kukokotwa na ng'ombe. Nani angebisha? Sote tulikuwa tumewahi kuchapwa naye.

Vifaa vyenyewe ni vya mitumba, vilinunuliwa Kitale. Seti kamili ina vipande 100, viwili kati yake vitupu. Yetu ilifika na pengo kubwa, hasa upande wa E, tukaziba kwa vipande vya katoni ya sabuni. Ubaya wa katoni ni kwamba vidole vinaitambua. Ukiona mkono wa mtu umekawia mfukoni huku macho yake yakiangalia dari kama anayesali, jua anapapasa E. Kisha mjukuu akameza kipande kimoja cha mbao. Nyumba nzima ilipiga kelele, Anti akamning'iniza mtoto kichwa chini, na Khocha akauliza swali moja tu: "Herufi gani?" Alipoambiwa ni Q, yenye alama 10 na isiyo na pacha mfukoni, alivaa kofia akaenda mwenyewe kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Daktari alitushauri tusubiri. Tulisubiri. Q ilirudi, ikachemshwa, na hadi leo kuna watu hawaigusi.

Aliyebuni mchezo huu ni Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa miaka ya 1930. Alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti: zinazojitokeza mara nyingi akazipa alama ndogo, za nadra akazipa kubwa. Sidhani aliwahi kukutana na Mbukusu, lakini alitutendea haki ambayo Wakenya wenzetu hawajatutendea. Tunachekwa nchi nzima kwamba tunaishi Pungoma. Kwa Butts, B ni alama 3 na P ni alama 3, taja upendavyo. Ndugu zetu wa Mlima Kenya nao hawakusahaulika, maana L ni 1 na R ni 1. Alipotukosea ni kwenye G na K. G ni 2, K ni 5, na mtu wa kwetu anayesema "kari" anaingia hasara ya alama 3 kila akiandika kwa usahihi.

Halafu kuna sheria ya majina. Majina ya watu hayaruhusiwi, na hapo ndipo Bungoma iliponyimwa ubingwa wa dunia. Jioni moja Khocha alishika mkononi W, A, N, J, A, L, A. Hilo ni jina la kifungua mimba wake, aliyezaliwa wakati wa njaa. Herufi zote saba kwa mkupuo: alama 17, na nyongeza ya 50 juu yake, jumla 67. Tulipokataa, alileta cheti cha kuzaliwa. "Someni," alisema. "Karatasi hii ni ya Kiingereza kutoka juu hadi chini."

Binamu yangu ndiye aliyetuletea balaa la kisasa: simu yenye orodha ya Collins, ile inayotumika kwenye mashindano ya dunia. Ilikubali "qi". Ilikataa "zaplin", na jembe la ng'ombe likafa siku hiyo. Kisha ikakubali "ugali". Tulinyamaza. Shuleni kwetu, kutamka neno lisilo la Kiingereza, kama ugali, kulikuvisha diski, kile kipande cha mbao cha shingoni, ukishinda nacho hadi umkamate mwingine. Kumbe lilikuwa neno la Kiingereza muda wote, alama 6. Na matatu ni 8.

Binamu akaongeza chumvi kwa kumsimulia Khocha habari za Nigel Richards wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa, akarudia kwa Kihispania mwaka 2024. Alikariri orodha za maneno tu. Khocha alifikiri kidogo. "Basi na mchwa wangu ni mabingwa," akasema. "Nao walipitia kamusi bila kuelewa kitu." Habari za Mnigeria Wellington Jighere, Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, Perth, mwaka huohuo wa 2015, zilimtuliza.

Ikapitishwa sheria ya nyumba, kwa hati yake mwenyewe ukutani: A hadi S ni kamusi, T hadi Z ni simu. Juma lililofuata aliegemea kiti, akapanga M, Z, E, E, alama 15, akatutazama mmoja mmoja. Binamu akaomba kamusi. Khocha akaifunua hadi M, akatembeza kidole, akakirudisha juu, akatembeza tena.

"Angalia simu," akasema.

"M ni ya kamusi, Khocha."

Aliuliza, kwa udadisi tu, kama uhuru umo. Umo, tukamwambia, kwa kuwa ni U. Alama 8.

"Uhuru anaruhusiwa, mzee hapana?"

Anti, aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni na ambaye hajawahi kucheza hata mara moja, alimwambia aondoe herufi zake mezani, anataka kuandaa chakula.