Baba Dumu

Pikapu yangu ni ya mwaka 1994, na siku hizi inakunywa maji kuliko ng'ombe. Kuteremka na mihogo kutoka Kibuta hadi Gongo la Mboto kuna nafuu. Balaa ni kurudi. Kile kilima cha Pugu hatujawahi kukimaliza bila kusimama, mimi na dumu mkononi, yenyewe ikifuka moshi kama jiko la mama ntilie. Watoto wa pale wameshanibatiza: Baba Dumu.

Maji ya bomba yalipofika Kisarawe mjini kwa ule mradi wa kutoka Kibamba, uliozinduliwa Juni 2020, watu walipiga vigelegele. Na mimi nilipiga. Kumbe nilikuwa naishangilia pikapu.

Kibuta hakuna asiyejua kutibu rejeta. Mzee jirani aliniletea bizari ya manjano, vijiko viwili, akaapa tundu litaziba. Likaziba kweli, siku mbili, tukawa tunanukia mchuzi njia nzima. Siku ya tatu bizari ikaziba na vile vijia vyembamba vya ndani, gari ikachemsha tukiwa bado hatujafika hata Kisarawe.

Nikampelekea fundi, Mnyamwezi, mtani wangu. Akafungua boneti, akatazama, akamwita mwenzake: "Hebu njoo uone." Fundi akishaita mwenzake aje kuona, wewe anza kuhesabu hela. Akang'oa thermostati. "Hii Wajapani waliiweka kwa baridi yao. Wewe Mzaramo baridi umeiona wapi?" Akaitupa kwenye kopo la misumari.

Rejeta za zamani za shaba zilikuwa zinalehemiwa, zinaishi na makovu yake. Yangu mabati ni ya alumini na kichwa ni plastiki, na plastiki ikichomwa na maji ya moto miaka yote hiyo hukauka ikapasuka kama gaga la mguu. Mtani akapaka gundi, akachukua 15,000. Baada ya wiki mbili akapaka tena, 15,000. Mara ya nne ndipo hesabu ya darasa la tatu ikanirudia. Gundi tu imekula 60,000.

Nikapanda daladala hadi Gerezani kutafuta ya mtumba. Muuzaji akaipangusa kwa shati lake, akaniambia imetoka Japani ikiwa nzima inafanya kazi. Nilitaka kumuuliza, kama ilikuwa nzima waliing'oa ya nini? Lakini jua lilikuwa kali, nikalipa 180,000. Mfuniko wangu wa zamani uliandikwa 0.9, huu wa kwake 1.1. "Mzee, mfuniko ni mfuniko," akasema.

Si kweli. Ile namba ndiyo presha. Maji yakibanwa humo ndani huvuka nyuzi 100 bila kuchemka, na kadiri namba inavyopanda ndivyo yanavyobanwa zaidi. Rejeta yangu mbovu ilikuwa inapumulia kwenye ufa, haikumbana mtu. Hii nzima ikabana barabara, presha ikazunguka kutafuta mnyonge, ikamkuta mpira wa juu, ambao ni wa 1994 kama gari lenyewe.

Haya nilielezwa na mtani jioni, kwa simu, huku akicheka. Mchana nilichosikia ni mlio tu, pu! Katikati ya kilima, kioo chote kikageuka mvuke. Nikashuka, nikazunguka nyuma kuchukua dumu. Halipo. Asubuhi, kwa maringo ya rejeta mpya, nilikuwa nimemrudishia mama watoto dumu lake la lita 20, na hotuba juu.

Watoto wakaja mbio kama kawaida yao.

"Shikamoo, Baba Dumu!"

"Marahaba."

Kale kadogo kakachungulia nyuma ya pikapu, kakanitazama kwa huruma. "Dumu liko wapi?"